Dada Yangu Ana Ndevu

Dodoma, Jumapili, 6 Machi 1983

Mwanangu Syombua,

Leo ni miaka ishirini na sita na siku nne tangu nipande lori pale Mutomo nikiwa na shati moja la akiba. Kuhesabu ni mazoea ya kazi. Fundi wa chapa asiyehesabu huishiwa na herufi katikati ya ukurasa.

Huku hatujambo. Mke wangu anasumbuliwa na magoti, mimi na macho, kwa hiyo mmoja anakwenda sokoni na mwingine anasoma bei. Uwele umeota vizuri upande wa mashariki wa nyumba na haukuota kabisa upande wa magharibi, na hakuna anayejua sababu. Nimefurahi kwamba nyumba yenu imepata bati. Pole kwa yule mtamba wenu aliyekufa.

Barua yako ya tarehe 14 Novemba imenifikia juzi. Huu ni mwaka wa saba mpaka umefungwa, na naona Hirsi, huyo mnunuzi wa mbuzi uliyempa barua, aliifikisha Namanga ikalala huko miezi, kisha ikavuka pamoja na magadi, maana bado inanuka magadi. Mpe shukrani zangu.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza ni kwa nini mimi na marehemu baba yako Nzuki hatukusemezana mpaka akafariki. Hilo tuliache kwa leo.

La pili ni binti yako Kavata. Unasema ana miaka kumi na mmoja na mwaka huu anarudia darasa la nne. Kunakili mistari minne ubaoni kunamchukua asubuhi nzima, na maneno yanateremka nje ya mstari kama mbuzi waliokosa mchungaji. Katika insha aliandika “Dada yangu ana ndevu na anachonga vijiko,” akimkusudia baba yake, na shule nzima ikamwita Ndevu. Tangu siku hiyo ameanza kuandika Kiswahili chenye lafudhi ya Kikamba, na Mwalimu Mwangangi anamchapa kwa hilo. Asipofaulu mtihani wa Novemba, mumeo Muli atamtoa shule ampeleke Malili akaoshe vikombe kwenye hoteli ya dada yake.

Nimekaa na ule ukurasa alioniandikia Kavata siku mbili nzima. Naunakili kama ulivyo: “Mpendwa mbambu. Niko ndarasa la nne. Mbamba anachonga vijiko. Ndanda yangu ni mndogo. Tuna gunia moja la mahindi. Gari la punda limeharimbika.”

Syombua, hiyo si lafudhi. Mkamba anayeandika kama anavyotamka angeandika pia “ngunia” na “ngari”. Kavata ameandika gunia na gari sawasawa. Nimehesabu: kila penye b ametanguliza m, kila penye d ametanguliza n, na penye herufi nyingine hakutanguliza chochote. Lafudhi haichagui hivyo. Anayechagua ni mtu mwenye sababu.

Mwambie atamke “baba” kwa mdomo. Akitamka vizuri, muulize kwa upole ile m ni ya nini. Kisha niandikie atakachosema, neno kwa neno.

Wako,
Mutunga


Mutomo, Jumapili, 29 Mei 1983

Baba mdogo Mutunga,

Pokea heshima zangu na salamu za wote hapa. Tuko wazima ila Kavata alikuwa na kikohozi, sasa kimeisha. Mvua ilinyesha siku nne ikaacha. Tumepanda mara mbili na naona hata hiyo mbegu ya pili imeliwa na ardhi. Kanisani tumepata mhubiri mpya kutoka Zombe, anahubiri mpaka sufuria za nyumbani zinaungua.

Barua yako ilifika Aprili. Nilimngoja Kavata mpaka akawa anapepeta kunde nikamwambia, “Sema baba.”

“Baba.”

Alisema kama mtu wa redio. Nikamuuliza, “Mbona ukiandika unaweka m?”

Akaniangalia kama anangoja kofi. “Mama, utamwambia mwalimu?”

“Simwambii.”

“Nikiweka m najua tumbo linaenda upande gani.”

“Tumbo la nani?”

“La herufi. Zote mbili ni fimbo na tumbo. Lakini kwa Kikamba mbuzi ni mbui, mvua ni mbua, mahindi ni mbemba, ile inayotembea na m, tumbo lake liko mbele. Maneno ni ndeto, ile inayotembea na n, tumbo liko nyuma. Kwa Kikamba hakuna inayotembea peke yake. Kwa Kiswahili zimeachwa peke yao zinanidanganya. Kwa hiyo nazirudishia wenzao.”

Baba mdogo, mimi ni mtu mzima, nimesoma Biblia ya Kikamba tangu nikiwa mdogo, na sikuwahi kuona kwamba hakuna b isiyo na m mbele yake, wala d isiyo na n. Nilienda kufungua kuhakikisha. Ni kweli. Mtoto aliyeambiwa hana kichwa ndiye ameona.

Nikakimbia kumwambia Muli. Alikuwa anasugua kijiko kwa msasa. Akasema, “Akili hiyo itamfaa kuhesabu vikombe Malili.”

Nikaenda shuleni, nikavunja ahadi yangu kwa Kavata, na bado inaniuma. Mwalimu Mwangangi akasema, “Mama Kavata, nimefundisha miaka kumi na minane. Mkamba ni Mkamba. Atajifunza kuacha hiyo m.” Na yeye mwenyewe akitaka kusema basi anasema “mbasi”.

Mimi nafanya ninachoweza. Namwaga unga kidogo kwenye ungo, yeye anaandika kwa kidole, herufi kubwa, halafu tunatikisa unafutika. Hapo mkono hauchoki kama kwa penseli. Jumamosi tukienda kuchota maji anaandika kwenye mchanga wa mto kwa mguu. Tena ananisimulia hadithi, mimi naandika alivyosema, halafu anasoma maneno yake mwenyewe. Hayo anayasoma vizuri zaidi kuliko ya kitabu, kwa sababu anajua yanaenda wapi. Sijui kama ni sawa. Hakuna mtu wa kuuliza isipokuwa wewe uliyefanya kazi na herufi.

Marehemu baba pia hakujua kusoma. Alikuwa akisema macho yake ni ya mbuzi. Je, hii kitu iko katika ukoo?

Mtoto wako,
Syombua


Dodoma, Jumapili, 24 Julai 1983

Mwanangu Syombua,

Tumezika jirani yetu wiki hii, mzee wa Kigogo aliyenipokea mwaka 1957 na kunionyesha mahali pa kuchimba kisima. Mke wangu anakusalimu. Upepo wa Julai unatutia mchanga katika chakula, nasi tunakula.

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaipeleka kazini wakaisoma vijana walioachiwa makasha yangu ya herufi. Mmoja akasema, “Mzee, huyo msichana mlete hapa.” Nikamwambia kwa mshahara wenu hatupatikani.

Uliuliza kama unayofanya ni sawa. Ni sawa, na ni bora kuliko lolote ambalo ningeweza kukufundisha. Kiwanda chetu kiliwahi kuchapa kijitabu cha madaktari, na mle niliona kwamba huko Ulaya watoto wa namna ya Kavata wanajulikana. Hali yao imepewa jina refu ambalo halimsaidii mtoto, na ushauri uliotolewa baada ya kurasa arobaini ni huu: herufi ipitie kidoleni, katika mchanga, katika mwili, mtoto aambiwe asimulie, asiharakishwe, asichekwe. Wewe ulifika hapo kwa ungo.

Sasa kuhusu m na n. Usimwondolee walinzi wake. Ngoja nikuambie tunavyofanya sisi. Herufi za chapa, za madini ya risasi, huonekana kinyume, na mpangaji huzisoma juu chini. Macho ya mtu yeyote, hata aliyesoma sana, hukosea. Kwa hiyo kila kipande kina mfuo mmoja ubavuni, mfereji mwembamba, na kidole gumba kikipapasa mfuo kinajua upande wa chini ni upi bila kuuliza macho. Mfuo huo hauchapwi. Msomaji hauoni kamwe. Hakuna aliyewahi kuniita mjinga kwa kuutumia. Niliutumia miaka ishirini na mitano nikalipwa mshahara.

Kavata amejitengenezea mfuo, ila wake unaonekana kwenye karatasi. Basi fanyeni hivi. Mlinzi amwandike kwa penseli, kwa wepesi. Neno lenyewe aliandike kwa biro. Akimaliza insha yote, apitishe raba. Mlinzi atakuwa amefanya kazi yake na kuondoka.

Wakati wa kusoma, mkatie karatasi ngumu yenye tundu refu kama mstari mmoja, aipitishe juu ya kitabu. Mistari mingine isimpigie kelele.

Na umwombe hedimasta amruhusu Kavata ajibu mtihani kwa mdomo, angalau sehemu. Mtihani ukitaka kujua kama mtoto anajua mito ya Kenya, usimpime uwezo wa mkono wake.

Muli usigombane naye. Mtu anayechonga vijiko ana macho. Mwonyeshe.

Kuhusu ukoo, sina la kusema leo.

Wako,
Mutunga


Mutomo, Jumapili, 2 Oktoba 1983

Baba mdogo,

Nakusalimu na kumsalimu mama. Poleni kwa msiba. Huku mbuzi wawili wamezaa, mmoja mapacha, na Hirsi tayari ameuliza bei ya mapacha hata hawajasimama vizuri. Punda wa jirani amekula mboga zangu zote. Jirani anasema si punda wake.

Nilifuata neno lako nikamwonyesha Muli. Nilimchorea b na d kwenye majivu nikamwambia, “Hizi mbili ndizo zinazomshinda mtoto wako.” Akaendelea kusugua kijiko chake. Lakini kesho yake alichukua kipande cha mti wa mukau akachonga b nzuri, kubwa kama kiganja, akailainisha. Akachukua kipande cha pili achonge d. Akaangalia ile ya kwanza. Akaigeuza upande wa nyuma.

“Syombua. Hii nimeshaichonga.”

“Hapana, hiyo ni b.”

“Si nimeigeuza.”

“Ukiigeuza hivyo ni d.”

“Na nikiipindua hivi, miguu juu?”

“Hiyo sasa ni p.”

“Na hivi?”

“Hiyo ni q, iko kwa Kiingereza.”

Akakigeuzageuza kile kipande mkononi. Halafu akasema, “Nikigeuza kijiko kinakuwa nini?”

“Kijiko.”

“Na jembe?”

“Jembe.”

“Kwa hiyo mtoto anachapwa kwa sababu ameona kitu kimoja kuwa kitu kimoja.”

Jumatatu alivaa koti lake la kanisani, akaniambia, “Twende.” Hedimasta alikuwa na Mwalimu Mwangangi. Muli hakusalimia sana. Aliweka ile mbao mezani.

“Mwalimu, hii ni nini?”

“Ni b, Mzee Muli.”

Akaigeuza. “Na hii?”

“Hiyo d.”

“Mbao imebadilika?”

Mwalimu Mwangangi akacheka. “Mzee, herufi si vijiko.”

“Najua. Lakini mtoto wangu amekulia kwa vijiko. Nyinyi ndio mlipaswa kumwambia kwamba hapa mambo ni tofauti. Mlimwambia kwa kiboko.”

Baba mdogo, mimi nimeolewa na huyu mtu miaka kumi na miwili, sikujua ana maneno mengi hivyo.

Mimi nikaeleza ya mbui na ndeto, na walinzi wa penseli, na raba. Mwalimu Mwangangi alichukua chaki akaandika ubaoni mbua, mbemba, ndeto, akarudi nyuma akaangalia. Akasema polepole, si kwetu, “Miaka kumi na minane.” Halafu akasema kwetu, “Lakini bado mwandiko wake hausomeki.”

Wamekubali hivi. Hisabu na maswali mengine yote Mwalimu Mwangangi atamsomea ofisini, yeye atajibu kwa mdomo na mwalimu ataandika alivyosema. Insha ataandika mwenyewe, kwa muda wa kila mtu, na raba anaruhusiwa. Mimi nisikanyage shuleni siku hiyo. Mtihani ni tarehe nane Novemba.

Muli bado anasema akianguka ataenda Malili, maana dada yake Mbula amekwisha kumtengea kitanda. Lakini ametoboa ile mbao tundu, Kavata anaivaa shingoni kwa kamba ya katani.

Hujanijibu kuhusu ukoo. Hata kuhusu baba.

Syombua


Mutomo, Jumapili, 4 Desemba 1983

Baba mdogo Mutunga,

Sijapata jibu la barua ya Oktoba, natumaini mko wazima. Mvua haijaja ipasavyo. Wazee wanaangalia juu.

Nianze na lile unalongoja. Kavata ameingia darasa la tano. Amekuwa wa kumi na tisa kati ya arobaini na watatu, na katika hisabu ni wa pili. Mwalimu Mwangangi alimsomea maswali mwenyewe, na wengine wanasema alimsomea polepole kuliko anavyosomea hata watoto wake. Katika insha wenzake walijaza ukurasa, yeye alikuwa na mistari kumi na mmoja. Raba ilifuta walinzi wote isipokuwa mmoja, “mbaba”, kwenye mstari wa mwisho, nadhani muda uliisha. Mwalimu amezungushia kwa kalamu nyekundu na hakukata alama. Chini ameandika: “Mwandiko mbaya sana. Apewe muda.”

Nilipomsomea Muli hayo alisema, “Apewe muda ni maneno ya mtu mzima.” Akamtumia dada yake ujumbe kwamba vikombe atafute wa kuviosha.

Kavata mwenyewe aliuliza, “Darasa la tano kuna kunakili?” Nikamwambia kuna. Akasema, “Basi tununue raba mbili.” Bado wanamwita Ndevu. Siku hizi anaitika.

Redio imesema mpaka umefunguliwa. Hirsi anasema sasa mtu anaweza kutoka kwenu akafika Mutomo kwa siku tatu. Njoo, baba mdogo. Kuna nyumba ya bati na kitanda. Kavata anataka kukuonyesha ungo wake.

Kuna jambo moja tena. Tulipokuwa tukiezeka upya chumba cha marehemu baba tuliteremsha sanduku lake. Ndani kuna barua zako kumi na moja, ya kwanza ya 1957 na ya mwisho ya 1971. Zote zimefunguliwa kwa kisu, vizuri, na zimekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imekatika. Baba hakujua kusoma. Mimi nilikuwa katika boma hilo hilo, nimesoma mpaka darasa la saba, na hakuniomba hata siku moja nimsomee. Hakumwomba mtu yeyote.

Sijazisoma. Nizisome?

Syombua


Dodoma, Jumapili, 19 Februari 1984

Mwanangu Syombua,

Hatujambo, isipokuwa magoti na macho. Barua zako mbili, ya Oktoba na ya Desemba, zilifika wiki moja. Nimechelewa kujibu kwa kosa langu mwenyewe, si la posta.

Ile habari ya Muli na mbao nimeisimulia hapa mara nyingi, na kila mara nasimama penye “mtoto wangu amekulia kwa vijiko.” Nimesoma vitabu vya watu waliosomea jambo hili. Hakuna aliyelisema kwa ufupi kama mchonga vijiko wa Mutomo. Na wewe, ambaye hukuwa na wa kuuliza, ulimpa mtoto unga, mchanga, masikio yako na maneno yake mwenyewe. Mpe heshima yangu pia Mwalimu Mwangangi. Si rahisi mtu kurudi nyuma mbele ya ubao wake.

Nijibu sasa ulichoniuliza mara tatu.

Ndiyo, liko katika ukoo. Baba yako alikuwa hivyo. Alinizidi miaka mitatu lakini tulianza shule ya misheni pamoja, mwaka 1934, kwa kuwa yeye alichunga kwanza. Hakuweza kusoma mstari. Kila jioni nilimsomea ukurasa wa kesho yake, kwa sauti, mara moja tu. Aliushika wote. Asubuhi alisimama na kitabu mkononi akausema neno kwa neno, akipumzika penye nukta, na kidole chake kikitembea chini ya mistari. Mmishonari alimsifu mbele ya wazazi kuwa msomaji bora wa darasa. Mimi niliyesoma kweli hakunitaja. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Siku moja, kabla ya darasa, nilimwendea mwalimu nikamwambia, “Mfungulie Nzuki ukurasa mwingine.”

Alifunguliwa. Alisimama kimya mpaka darasa likaanza kucheka. Hakunitazama. Alichapwa, na kesho yake akarudi kwa mbuzi, na hakukanyaga shule tena. Hakumwambia mtu ni nani aliyesema. Mimi hakuniambia kwamba anajua, lakini tangu siku hiyo aliniongelesha ya ng'ombe na ya mashamba tu, na baadaye hata hayo hakusema.

Katika zile barua niliomba msamaha, mara kumi na moja, kwa Kikamba kizuri. Niliziandika nikijua hawezi kuzisoma, na nikimjua vya kutosha kujua kwamba hatamwomba mtu amsomee. Mpaka ulikuwa wazi miaka hiyo yote. Mtu aliyetaka kusikiwa angepanda basi.

Zisome. Zisome kwa sauti, Kavata akiwepo, apate kujua babu yake alikuwa nani. Kwa miaka ishirini na mitano nilipanga vitabu vya maaskofu na vya maprofesa, na sikukutana na kichwa kilichoweza kushika ukurasa mzima kwa kusikia mara moja. Kichwa hicho kilikuwa chetu, nyumbani, na kilihitaji mtu mmoja tu wa kukisomea na kunyamaza.

Kavata amempata mtu huyo. Muendelee hivyo hivyo.

Unasema nije. Nauli ninayo, njia iko wazi, na mke wangu amekubali. Nimelifikiria tangu barua yako ifike. Basi hilo nilipaswa kulipanda Nzuki akiwa hai. Sitarudi.

Mutunga